Kompyuta Imewaka Tangu Lini?

Kujua kompyuta ya nyumbani imewaka kwa muda gani ni jambo linaloonekana jepesi, kwa sababu jibu limewekwa wazi. Kwenye Windows, mtu akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufunguka Task Manager, na katika sehemu ya utendaji, chini ya mchoro wa prosesa, pana namba ya siku, saa, dakika na sekunde. Kwenye Linux na Mac inatosha kuandika uptime katika dirisha la amri. Ugumu hauko katika kuipata namba. Uko pale mtu aliyezima kompyuta yake jana usiku na kuiwasha asubuhi anapofungua Task Manager na kukuta imeandikwa siku 23. Wengi hapo huamua ama kompyuta ina hitilafu, ama kuna mtu anayeiwasha kwa siri, na mara nyingi si hili wala si lile. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba namba ile ni shahidi mkweli wa jambo moja tu: muda ambao kiini cha mfumo endeshi kimekaa bila kuanza upya. Anayetaka habari za umeme, za matumizi au za uchakavu amtafute shahidi mwingine, kwa maana huyu hakuwepo.

Kisa cha siku 23 kilianza 2012, Microsoft ilipotoa Windows 8. Watu walikuwa wamechoshwa na kompyuta zinazochelewa kuwaka, na wakati huo nyumba nyingi zilikuwa bado na diski za sahani zinazozunguka, ambazo husoma polepole. Wahandisi wakabuni njia ya mkato. Mtumiaji anapoamuru kuzima, Windows hufunga programu zake na kumtoa kwenye akaunti, lakini kiini cha mfumo pamoja na viendeshi vya vifaa havifungwi. Hali yao yote hunakiliwa kutoka kwenye kumbukumbu na kuhifadhiwa ndani ya diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys, ndipo umeme hukatwa. Asubuhi kompyuta haianzi mwanzo. Hulisoma faili hilo na kuendelea pale ilipoachia. Utaratibu huu umerithiwa na Windows 10 na 11, na kompyuta nyingi hutoka dukani ukiwa tayari umewashwa. Kiini kilichoanza wiki tatu zilizopita, basi, ndicho kinachofanya kazi leo, na kihesabu chake hakidanganyi kinapotaja siku 23, ingawa katika siku hizo mashine ililala bila umeme usiku mwingi. Matokeo yake yanashangaza mtu asiyeyajua: kuzima na kuwasha hakukianzishi upya kiini, ila kuchagua kuwasha upya ndiko kunakokianzisha. Ushauri wa siku zote wa mafundi, zima kisha washa, kwenye kompyuta hizi haufanyi kile ulichokusudiwa kufanya, na mtu anaweza kuurudia kila siku huku kiendeshi kilichoharibika kikirudishwa jinsi kilivyokuwa, kutoka kwenye faili lile lile. Anayetaka kuzima kikamilifu ashikilie kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, au auondoe utaratibu huo katika mipangilio ya umeme.

Kuna wanaosema kwamba hapa Windows inampotosha mtumiaji, na kwamba ingefaa ihesabu tangu kitufe kilipobonyezwa mara ya mwisho. Naielewa hoja hiyo, kwa kuwa mtu wa kawaida hufikiria kitufe, hafikirii kiini. Hata hivyo naona umri wa kiini ndio unaostahili kuonyeshwa, kwa sababu una jambo unaloweza kulithibitisha bila shaka yoyote. Tuchukue shambulio la WannaCry lililoanza 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba ufa uliotumika tangu 14 Machi mwaka huo, yaani siku 59 kabla, na sasisho hilo lilihitaji kompyuta iwashwe upya ndipo lifanye kazi. Basi kompyuta yoyote ya Windows ambayo asubuhi ya 12 Mei ilionyesha siku 60 au zaidi ilikuwa haijazibwa ufa huo, hata kama mwenyewe alikumbuka kuona ujumbe kwamba sasisho limepakuliwa. Ushahidi huu lakini unakwenda upande mmoja. Namba kubwa inathibitisha kwamba masasisho ya kiini yaliyotoka baada ya siku kiini kilipoanza hayajaanza kufanya kazi. Namba ndogo haithibitishi kwamba yamewekwa. Ndiyo sababu siikubali fahari ya wale wanaojisifu kwa siku nyingi bila kuwasha upya. Fahari hiyo ilitoka kwa wasimamizi wa seva, na huko ina historia yake: mwaka 2013 ilizimwa seva moja yenye mfumo endeshi wa NetWare iliyokuwa imewaka kwa zaidi ya miaka 16, na habari zake zikaenea duniani. Seva ile ilionyesha uimara wa vifaa vyake na wa umeme uliokuwa ukiilisha. Kompyuta ya nyumbani iliyounganishwa na intaneti, yenye siku 200, inaonyesha hasa kwamba kwa siku 200 kiini chake hakijapata ulinzi mpya.

Usingizi nao unaleta utata wake. Mtu akifunga kifuniko cha kompyuta mpakato saa nne usiku na kukifungua saa moja asubuhi, je, saa tisa zile zihesabiwe? Mifumo haina jibu moja, na wakati mwingine mfumo mmoja una majibu mawili. Linux ina saa mbili ndani yake zinazoonekana kufanya kazi ile ile. Ya kwanza husimama mashine inapolala. Ya pili, iliyoongezwa katika toleo la 2.6.39 la mwaka 2011, huendelea kuhesabu hadi kuamka. Amri ya uptime hutumia ya pili. Ujumbe wa kiini unaosomwa kwa amri ya dmesg hupigwa mhuri kwa saa isiyohesabu usingizi, na mwongozo wa amri hiyo wenyewe unaonya kwamba tarehe zinazotokana na mihuri hiyo zinaweza kuwa na makosa baada ya mashine kulala na kuamka. Mac vivyo hivyo ina saa inayolala pamoja na mashine na nyingine inayokesha. Namba mbili zinazotofautiana kwa siku kadhaa kwenye kompyuta moja zinaweza zote kuwa sahihi. Kila moja imejibu swali lake. Faili la /proc/uptime kwenye Linux linaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi: lina namba mbili tu, ya kwanza ni sekunde tangu kuwashwa, ya pili ni jumla ya sekunde ambazo viini vya prosesa vimekaa bila kazi. Kwa kuwa kila kiini cha prosesa huhesabiwa peke yake, kwenye mashine yenye viini vinne namba ya pili inaweza kukaribia mara nne ya ile ya kwanza. Kompyuta nyingi za nyumbani, kwa sehemu kubwa ya muda ambao zinahesabiwa kuwa zimewaka, hazifanyi lolote.

Jambo lingine lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba kihesabu chenyewe kina kikomo. Kihesabu cha biti 32 kinaweza kufika 4,294,967,295, kisha kinarudi sifuri. Kikihesabu milisekunde, kinajaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Windows 95 na Windows 98 zilihesabu hivyo, na zikifika hapo ziliweza kuganda kabisa. La kushangaza ni kwamba kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 1999, miaka minne baada ya Windows 95 kutoka, jambo linaloonyesha jinsi zilivyokuwa chache kompyuta za nyumbani zilizoweza kukaa siku 50 bila kukwama kwa sababu nyingine. Kompyuta za Linux za biti 32 zilizotumia toleo la 2.4 zilihesabu sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo zilijaa baada ya siku 497. Hazikuganda, bali amri ya uptime ilirudi sifuri na kusema mashine imewashwa muda si mrefu, ilhali ilikuwa imewaka kwa mwaka na zaidi ya miezi minne. Waandishi wa toleo la 2.6 walichukua uamuzi ninaouheshimu sana: walikipanga kihesabu kianzie karibu kabisa na kikomo, ili kijae dakika tano tu baada ya kuwashwa, na kila kasoro inayotokana na kujaa huko ijitokeze mbele ya mhandisi mapema badala ya kumvizia mtumiaji zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Kwamba muda wa kuwaka ni suala la uhai na kifo kulithibitika Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba. Mfumo wa Patriot wa kutungua makombora ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ukazidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi ili kupata sekunde. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika namba za mfumo wa mbili, na rejista ya biti 24 iliikata mkia. Kosa lilikuwa dogo mno kuonekana, lakini lilikua kwa kila saa ambayo mashine haikuzimwa. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100, na kosa likawa limefika karibu theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud husafiri zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Rada ikalitafuta kombora lililokuwa likija mahali ambapo halikuwapo, zaidi ya nusu kilomita kutoka njia yake, na haikuona kitu. Wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa kambini mwao. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliyotolewa mwaka uliofuata inaeleza jambo linaloumiza. Israeli ilikuwa imeshatoa takwimu mapema mwezi ule wa shambulio zikionyesha kwamba usahihi hupungua hata baada ya saa nane. Siku nne kabla ya shambulio, watumiaji wa mitambo hiyo walitumiwa ujumbe ukiwaonya kuhusu kuiwasha kwa muda mrefu sana, bila kusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuzima na kuwasha kungechukua kama dakika moja na kungelifuta kosa lote. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya maafa. Onyo lisilo na namba halikuwafaa waliolipokea, na hapo ndipo naona uzito wa suala hili zima: haitoshi kujua kwamba mashine imewaka kwa muda mrefu, lazima ijulikane muda gani, na muda huo unamaanisha nini kwa mashine hiyo.

Hata baada ya hapo makosa ya aina hii hayakukoma. Tarehe 14 Septemba 2004, waongoza ndege wa kusini mwa California walipoteza mawasiliano ya redio na marubani kwa zaidi ya saa tatu kwa sababu mfumo wao wa sauti, uliotegemea kihesabu cha milisekunde cha biti 32, haukuwashwa upya kila siku 30 kama ratiba ilivyoagiza. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa kuwa vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Siku 248 ndizo zinazopatikana pale namba ya biti 31 inapojazwa kwa sehemu za mia za sekunde.

Kama kihesabu kinajua jambo moja tu, mengine yanajulikanaje? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye daftari la matukio, ambalo watumiaji wengi hawajawahi kulifungua. Windows huandika kila inapowaka, na katika tukio namba 27 hutaja iliwakaje: 0x0 ikiwa imeanza mwanzo kabisa, 0x1 ikiwa imetumia ile njia ya mkato, 0x2 ikiwa imeamka kutoka kwenye hali iliyohifadhiwa diskini. Tukio namba 42 ni la kwenda kulala. Namba 1074 hutaja programu na akaunti iliyoagiza kuzima. Namba 41 na 6008 huandikwa pale kompyuta inapowaka na kugundua kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Kwenye Linux, amri ya journalctl --list-boots hupanga kila kipindi cha kuwaka kwa mwanzo na mwisho wake, pale ambapo kumbukumbu hizo zimewekwa zihifadhiwe. Mtu mwenye siku 23 kwenye Task Manager, akisoma daftari hili, ataziona siku zile zikigawanyika katika vipindi vya saa tatu, saa tano, usiku kucha bila kitu, na ndipo atakapopata jibu la swali alilokuwa nalo.

Kwetu Afrika Mashariki daftari hili lina kazi ambayo waliolibuni huenda hawakuifikiria. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika pale pale umeme unapokatika, na kihesabu chake kinapoanza tena hakina habari ya kilichotangulia. Mwaka wa mgao, kama ule Tanzania ilioupitia kuanzia nusu ya pili ya 2023 hadi bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha Februari 2024, uptime ya kompyuta kama hiyo haikuwa kipimo cha kompyuta; ilikuwa kipimo cha gridi. Ikiwa mashine imepangwa ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, saa yake ya kuwaka ndiyo saa umeme uliporudi, na mlolongo wa tukio namba 41 kwa mwezi mzima ni orodha ya makatizo ambayo mwenye nyumba anaweza kuiweka kando ya ratiba iliyotangazwa na kulinganisha. Kwa kompyuta mpakato ni kinyume: betri huficha makatizo hayo, na kihesabu husonga mbele nyumba nzima ikiwa gizani. Namba ile ile, katika nyumba ile ile, hueleza mambo mawili yasiyofanana kwa kutegemea kama kifaa kina betri au hakina.

Daftari nalo lina udhaifu, na anayenipinga hapa ana haki. Kila mstari wake hutegemea saa ya ukutani ya kompyuta, na saa hiyo, umeme usipokuwapo, huishi kwa betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi CR2032. Betri hiyo ikifa, kompyuta iliyochomolewa usiku huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na matukio ya asubuhi huandikwa kana kwamba yalitokea kabla mwenyewe hajainunua. Kihesabu hakina tatizo hilo, kwani hakijui tarehe. Kinajua kujumlisha tu. Kwa hiyo viwili hivi husahihishana: tarehe ya kuwaka katika daftari ikitofautiana na kile kinachopatikana kwa kutoa muda wa kihesabu kutoka saa ya sasa, cha kushukiwa kwanza ni saa. Daftari pia linaweza kufutwa, ingawa Windows huandika tukio namba 104 kwamba limefutwa, na kufutwa huko kwenyewe ni habari. Udhaifu ulio mkubwa zaidi ni kwamba kuwaka si kutumiwa. Kompyuta inaweza kuamka yenyewe saa nane usiku kuweka masasisho, na amri ya powercfg /lastwake mara nyingi hutaja kilichoiamsha. Mzazi anayemshuku mtoto kwa sababu kompyuta iliwaka usiku hana ushahidi bado, na ni dhuluma kumwadhibu mtoto kwa kazi iliyofanywa na ratiba ya Windows.

Limebaki lile la uchakavu: kompyuta imewaka kwa muda gani tangu izaliwe? Hapa uptime na daftari la matukio havisaidii, kwa kuwa vyote viwili hupotea mfumo unapowekwa upya, na kompyuta ya mtumba karibu daima hufika kwa mnunuzi ikiwa na mfumo mpya. Anayenunua kompyuta iliyotumika Ulaya au Dubai katika maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, anahitaji namba inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, kama mnunuzi wa gari anavyotazama kilomita. Namba hiyo ipo kwenye diski. Diski karibu zote za leo zina utaratibu wa kujichunguza uitwao SMART, na humo huhifadhiwa jumla ya saa ambazo diski imepata umeme pamoja na idadi ya mara ilizowashwa. CrystalDiskInfo kwenye Windows na smartctl kwenye Linux huzisoma bila malipo. Mwaka una saa 8,760. Kompyuta ya ofisini inayowashwa saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hukusanya saa 2,000, kwa hiyo saa 10,000 kwa miaka mitano ni za kawaida. Saa 20,000 katika miaka hiyo hiyo ni wastani wa karibu saa 11 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Uwiano wa saa na idadi ya kuwashwa hueleza zaidi: saa 20,000 kwa kuwashwa mara 40 ni maisha ya mashine iliyoachwa ikiwaka kwa wiki tatu mfululizo kila mara, pengine katika chumba cha seva, ilhali saa hizo hizo kwa kuwashwa mara 2,000 ni za mtu aliyefungua na kufunga kwa siku zake za kazi.

Saa hizi zinaweza kuamua uhai wa data kwa njia ya moja kwa moja kabisa. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane, na data isingeweza kurudishwa isipokuwa programu ya ndani ya diski isasishwe kabla. Ni hapo hasa ambapo kihesabu cha biti 16 chenye alama hufurika. Diski zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa pamoja zingekufa karibu pamoja, na nakala ya akiba iliyowekwa kwenye diski pacha isingeokoa kitu.

Wengine watasema namba za SMART nazo hurudishwa sifuri na wafanyabiashara wasio waaminifu. Ni kweli, na ushahidi upo. Mwanzoni mwa 2025 wanahabari wa Heise wa Ujerumani walifichua kwamba diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na baadhi ya maduka kama mpya, saa zake za SMART zikiwa zimefutwa. Kilichozifichua ni kumbukumbu ya pili iliyo ndani ya diski hizo, iitwayo FARM, ambayo waliofuta hawakuigusa. Hilo haliniambii kwamba namba hazifai. Linaniambia kwamba namba moja haifai kusimama peke yake. Mnunuzi anaweza kuandika powercfg /batteryreport na kuona betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Anaweza kusoma tarehe ya BIOS, na kutazama herufi zilizofutika kwenye kibodi. Diski ikisema saa 300, betri ikiwa imepoteza nusu ya uwezo wake, na BIOS ikiwa ya 2016, basi ama diski imebadilishwa, jambo ambalo linaweza kuwa jema kwa mnunuzi, ama saa zake zimefutwa. Muuzaji aulizwe ni lipi kati ya hayo mawili, naye anapaswa kuwa na jibu, na bei izungumzwe kwa hali ya betri.